Tunataka mainjeniere wa tetemeko, na tunataka walipwe

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Kalemie, Butembo, na ninyi wote munaotusoma kwenye simu,

Leo hatuandiki juu ya maji wala umeme. Hayo hatujayasahau, tutayarudilia. Leo tunaandika juu ya kazi moja ambayo ni vigumu kuiona kwenye tangazo lolote la kazi katika miji yetu, na kumbe tunakaa pahali ambapo ilipaswa kuwa kati ya kazi za kwanza: injeniere wa tetemeko. Tunasema mutu aliyesoma ujenzi, kisha akaongeza masomo juu ya jambo moja hasa: ginsi gani shule, hospitali, daraja na nyumba ya watu vinaweza kutikiswa na ardhi bila kuua waliomo ndani.

Tunachodai tunakisema tangu mwanzo, ili mutu asiseme hakuelewa. Tunataka kila muji wetu mukubwa uwe na mainjeniere wa namna hiyo, walioandikwa na leta, wanaolipwa kila mwezi, wenye haki ya kusimamisha shantie ya mutu yeyote, hata ya mukubwa. Na tunataka waanze na shule.

Juu ya nini shule? Tutafika.

Kwanza ardhi tunayokanyaga. Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika, Ziwa Edward, Ziwa Albert, yote yamelala ndani ya ufa mukubwa, tawi la magharibi la Bonde la Ufa la Afrika. Ardhi yetu inafunguka polepole, milimita chache kwa mwaka. Inavutika, inavutika, kisha siku moja inajiachilia. Oktoba 24, 2002, miezi 9 kisha lava ya Nyiragongo kuingia Goma, Kalehe ilitikiswa na tetemeko la 6.2. Desemba 5, 2005, upande wa Kalemie, 6.8. Februari 3, 2008, Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, 5.9. Agosti 7, 2015, Bukavu tena, 5.8. Mei 2021, kisha lava ya tarehe 22, Goma na Gisenyi zilitetemeka siku nyingi bila kupumua, nyufa zikapita kati ya barabara na ndani ya sebule za watu, na tetemeko kubwa la siku zile lilizunguka 5 tu.

5 tu. Mushike hiyo namba, maana watu wengi wanaisoma vibaya. Kutoka 5 kwenda 6 si kuongeza kidogo: kila namba inayopanda, nguvu inayotoka ardhini inazidishwa karibu mara 32. Kutoka 5 mpaka 7 ni karibu mara 1,000. Kwa hiyo mutu anayesema «nyumba yangu ilishapita tetemeko la 2021, ni ya nguvu», huyo alipita mutihani wa shule ya musingi na anajiona daktari.

Na 2008 ilikuwa siku ya Mungu asubuhi. Ng'ambo, upande wa Rusizi na Nyamasheke, watu zaidi ya 30 walikufa, kati yao waamini walioangukiwa na kanisa wakiwa ndani ya misa. Upande wetu pia watu walikufa, na mamia waliumia pande zote mbili. Lakini siku ya Mungu hakuna masomo. Mwaka 2015 ilikuwa usiku, tena wakati wa vakansi. Mara mbili Bukavu, kalenda ndiyo iliyookoa wanafunzi. Si ukuta, si poto, si inspekta. Kalenda. Hii ndiyo sababu tunataka waanze na shule. Tetemeko haliulizi kama ni siku ya Mungu, na kila asubuhi ya masomo watoto wetu wanajazana 50, 60 katika chumba kimoja chini ya matofali ambayo hakuna mutu aliyeyapima.

Sasa, je, injeniere anaweza kubadilisha nini mbele ya nguvu kama hiyo? Mwaka 2010 ulitoa jibu kali. Januari 12, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0. Hesabu ya wafu haikukubaliwa mpaka leo, lakini hata wale wanaohesabu kidogo wanasema makumi ya maelfu, wengine wanapita laki 2. Wiki 6 kisha, Februari 27, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, nguvu karibu mara 500 kuliko ile ya Haiti. Waliokufa Chile walikuwa karibu 525, na sehemu yao waliuawa na maji ya bahari, si na nyumba. Ni kweli, tetemeko la Haiti lilitokea karibu kabisa na Port-au-Prince na si ndani sana ya ardhi, na lile la Chile lilianzia chini ya bahari. Hiyo inahesabika. Lakini haitoshi kueleza tofauti kama hii. Tofauti kubwa ni kwamba Chile, tangu tetemeko la Talca la 1928 na lile la Chillán la 1939, iliamua kwamba kujenga ni jambo la sheria, la mahesabu na la watu waliosomea, na haikuacha.

Na muone kitu kingine. Sehemu ya kile ambacho Chile ilikitumia tangu miaka ile ya 1930 si teknolojia ya matajiri. Ni ukuta wa matofali uliofungwa na beto kila upande: poto nyembamba kwenye kona na pembeni ya milango, na mukanda wa beto juu, vyote vimeshikana na ukuta kama sanduku lililofungwa kamba. Mafundi wetu wanajua neno, wanaliita shenaji. Siri iko katika utaratibu: ukuta unapandishwa kwanza, matofali yakiachwa na meno pembeni, ndipo beto ya poto inamwagwa ndani ya yale meno, ili poto na ukuta vishikane. Kwetu mara nyingi tunafanya kinyume: tunasimamisha poto kwanza, kisha tunajaza matofali katikati, na kati ya poto na ukuta kunabaki mustari ambao hata mutoto anauona. Siku ya kutikisika, ukuta unajitoa kama mulango usio na bawaba. Matofali ni yale yale, simenti ni ile ile, fundi ni yule yule. Kilichokosa ni mutu wa kumwambia.

Mufano wa pili uko karibu zaidi na ukubwa wa matetemeko yetu. Julai 26, 1963, muji wa Skopje, leo muji mukuu wa Makedonia Kaskazini, ulipigwa na tetemeko la karibu 6.1. Si 8, si 9. 6.1, chini kidogo ya lile la Kalehe. Watu zaidi ya 1,000 walikufa na sehemu kubwa ya muji iliharibika. Mwaka 1965, miaka 2 tu kisha, muji ule ulikuwa na chuo chake cha mainjeniere wa tetemeko, na chuo hicho kinafanya kazi mpaka leo, kimefundisha watu wa inchi nyingi. Sisi, tangu 2008, tuhesabu pamoja miaka ilipita mingapi.

Twendeni sasa barabarani. Injeniere wa tetemeko akitembea Bukavu au Goma haangalii rangi ya nyumba wala vioo. Anaangalia nini?

Anaangalia zile nyumba za etaji ambazo chini ni maduka na juu ni vyumba. Juu kuna kuta nyingi, chini ni poto tupu na milango ya chuma, ili magazini ipate nafasi. Kwa macho ya mufanyabiashara ni jengo zuri. Kwa macho yake ni mutu munene aliyesimama juu ya miguu ya kuku. Ardhi ikisukuma kwa upande, sehemu ya juu inakaa kipande kimoja na etaji ya chini inakunjika yote. Ni aina ya kuanguka inayojulikana dunia nzima, na barabara zetu kubwa zimejaa majengo ya namna hiyo.

Anaangalia poto inapokutana na putre. Mainjeniere wa New Zealand, Robert Park na Thomas Paulay, walifundisha mawazo ambayo leo yako katika sheria za ujenzi za inchi nyingi: ukijua jengo litatikiswa kupita kiasi, chagua mwenyewe pahali patakapovunjika. Putre ivunjike mbele ya poto. Putre ikipasuka, dale inashuka kidogo, watu wanatoka. Poto ikikatika, kila kitu kinalala chini. Kwa hiyo poto lazima iwe na nguvu kuliko putre. Zungukeni mujini muone: putre nene kama gogo, imekaa juu ya poto nyembamba kama mukono. Kinyume kabisa.

Anaomba kuona vyuma mbele ya kumwaga beto. Hasa zile pete ndogo, kadre, zinazofunga vyuma virefu vya poto. Vyuma virefu kila mutu anavinunua kwa sababu vinaonekana. Kadre ndiyo pahali pa kuibia, maana zikifunikwa na beto hakuna atakayezihesabu. Karibu na vichwa na miguu ya poto zinapaswa kukaribiana sana, na ncha zao zikunjwe kuingia ndani ya beto, zisibaki zimelala juu juu. Kadre zikiwa chache, wakati wa kutikisika beto inamwagika kama chumvi inavyotoka kwenye mufuko uliopasuka, na vyuma virefu vinapinda. Picha za karibu kila tetemeko kubwa zinaonyesha kitu hicho hicho, kutoka Haiti mpaka Uturuki.

Na anaangalia ndoo ya maji. Fundi aliyechoka anaongeza maji ili beto iwe laepesi kumwaga. Maji yakizidi, beto inakauka ikiwa na matundu matundu, nguvu imepotea. Kisha beto ikishamwagwa, wiki ya kwanza inataka kunyweshwa maji kila siku, na hapo ndipo inapoachwa ikauke yenyewe chini ya jua. Vichekesho, sivyo? Maji mengi siku ambayo hayatakiwi, na hakuna tone siku ambazo yanatakiwa.

Tuseme pia jambo moja ambalo halitawafurahisha wote. Goma, mutu mwenye nyumba ya mbao juu ya mawe ya lava anaonekana bado hajafika. Ndoto yake ni nyumba ya duru. Sisi hatudharau ndoto hiyo, nyumba ya mbao inaungua haraka na tumeona kartie zikigeuka majivu. Lakini mbele ya tetemeko, nyumba nyepesi ya mbao na manjanja inacheza, inalia, na mara nyingi inabaki imesimama. Hata ikianguka, si tani za mawe zinazokulalia. Nyumba ya duru iliyojengwa vibaya, ukuta muzito wa mawe ya lava na udongo kidogo wa simenti, ndiyo inayoua. Nguvu ya tetemeko juu ya jengo inafuata uzito wake: kadiri jengo ni zito, ndivyo inavyosukumwa zaidi. Kwa hiyo tunapanda kutoka mbao kwenda duru, tunalipa dola nyingi, na wengine wetu tunanunua hatari ambayo hatukuwa nayo. Injeniere ndiye anayefanya pesa hiyo inunue usalama kwa kweli.

Bukavu ni habari nyingine tena. Pale muteremko na udongo wenyewe ni adui. Nyumba imeshikamana kwenye mulima, moja juu ya paa la nyingine, mvua inateremusha udongo hata bila tetemeko. Jengo zuri juu ya udongo unaotembea halina maana. Kule swali la kwanza la injeniere si «unajenga namna gani?» bali «ni nani aliyekuuzia hii parsele, na juu ya karatasi gani?»

Wengi watatuambia: lakini tuko na wataalamu! Tuko na Observatwari ya Volkano ya Goma, tangu 1986. Tuko na kituo cha utafiti cha Lwiro, ambacho mizizi yake inarudi mpaka 1947. Ndiyo, na tunawaheshimu. Mbele ya mulipuko wa 2021, observatwari ilikosa hata pesa ya intaneti ya kupokea habari za mashine zake, na watu wale waliendelea kufanya kazi. Lakini tusichanganye. Wale wanasikiliza ardhi. Wanaweza kusema pahali gani panatikisika na kwa nguvu gani. Hawawezi kusema siku wala saa ya tetemeko, na hakuna mutu duniani anayeweza, anayekuambia hivyo kwenye WhatsApp anakudanganya. Injeniere wa tetemeko anachukua habari zao na kuzigeuza kuwa unene wa poto, hesabu ya kadre, urefu wa ukuta bila poto ya kushikilia. Bila yeye, habari za Lwiro na Goma zinabaki makaratasi. Bila wao, yeye anakisia. Wote wawili tunawahitaji, na kati ya wale wanaopima ardhi na fundi anayeweka tofali, kwetu kiti kimoja ni tupu.

Kiti hicho kina kazi nyingine ambayo tunaikumbuka kwa uchungu. Asubuhi kisha tetemeko, nani anasema ingieni au musiingie? Katika inchi zenye watu wa kazi hii, wanapita nyumba kwa nyumba na kubandika karatasi ya rangi: ya kijani, ingieni, ya manjano, muingie kwa sharti, nyekundu, hapana mutu kuingia. Mei 2021 Goma, ginsi gani ilikuwa? Kila familia ilisimama mbele ya ufa wake na kuuliza jirani. Wengine walilala inje juma nzima mbele ya nyumba iliyokuwa haina shida. Wengine walirudi kulala chini ya ukuta uliokwisha kujitoa kwenye poto. Walimu walifungua madarasa kwa kukisia.

Kwa vijana wanaojiuliza: kazi hii inasomwa wapi? Njia si ya siri. Unaanza na masomo ya ujenzi hapa kwetu, INBTP Kinshasa, IBTP Butembo, ULPGL Goma, na kwingine. Ni miaka mitano ya hesabu, ya nguvu za vitu, ya beto, ya udongo. Kisha unaongeza mwaka moja au miwili juu ya tetemeko peke yake: ginsi jengo linavyocheza, ginsi kila jengo lina mupigo wake, na ginsi udongo laini unavyoweza kupiga ngoma kwa mupigo ule ule na kuliangusha. Mexico, Septemba 19, 1985, chanzo cha tetemeko kilikuwa mbali sana na muji mukuu, kilometa mamia, lakini udongo wa ziwa la zamani chini ya muji ulicheza sawa na majengo ya etaji nyingi za kati, na hayo ndiyo yaliyoanguka zaidi. Mambo kama hayo huwezi kuyajua kwa uzoefu wa shantie tu. Japani iko na chuo hasa kwa ajili ya watu wa inchi kama yetu, kule Tsukuba, kilianza 1962, na wanaochaguliwa wanalipiwa masomo. Skopje bado inafundisha. Pavia kule Italia, Grenoble kule Ufaransa, wanafundisha.

Shida haiko kwenye kuondoka. Shida ni kurudi. Kijana anarudi na diplome ambayo inchi yake inaihitaji kama dawa, anakuta hakuna posti yenye jina hilo. Kazi zilizopo ni za ONG, miezi 6, kisha bai bai. Au ni kutia sahihi plani za watu bila kufika shantie. Au anarudi hewani, na ujuzi wake unaenda kulinda watoto wa wengine. Tukilia kwamba hatuna wataalamu, tuulize kwanza tuliwatengea kiti gani.

Na kiti peke yake hakitoshi. Mutazame Uturuki. Kisha tetemeko la Agosti 17, 1999, lililoua watu zaidi ya 17,000, inchi ile iliandika sheria nzuri za ujenzi, ikaweka kampuni za ukaguzi, iko na mainjeniere wakubwa sana. Lakini kampuni zile za ukaguzi kwa miaka mingi zilichaguliwa na kulipwa na yule yule anayejenga. Mwaka 2018 leta ikafungua musamaha: mwenye jengo lisilofuata sheria alipe, apewe karatasi. Majengo mamilioni yaliingia humo. Februari 6, 2023, matetemeko mawili, 7.8 na 7.5, siku moja. Katika Uturuki peke yake watu zaidi ya 50,000 walikufa. Hawakukosa ujuzi. Ujuzi uliuzwa.

Sisi tunajua vizuri namna hiyo ya kuuza, tuko na neno letu: matabishi. Ruhusa ya kujenga inayotoka bila mutu kufika parsele, sote tunaijua. Kwa hiyo tukidai injeniere wa leta, hatudai mutu mwingine wa kupewa bahasha. Tunadai alipwe na kodi, si na mwenye shantie. Tunadai kila karatasi anayotia sahihi ibandikwe kwenye kibao cha shantie, na jina lake, ili jengo likianguka tujue pa kuuliza. Na akisimamisha kazi, awe na ulinzi wa sheria dhidi ya simu kutoka juu. Injeniere anayeweza kufukuzwa kwa simu moja ni pambo tu.

Nepali inatuonyesha kwamba inchi maskini inaweza kuanza bila kungojea kila kitu. Mwaka 1993 mainjeniere wa kule walianzisha jumuiya yao, NSET. Hawakuanza na majumba marefu ya Kathmandu. Walianza na shule za kartie, na walianza na mafundi: walimufundisha masoni palepale kwenye shantie, mukono kwa mukono, ginsi ya kufunga ukuta wa zamani kwa mikanda ya vyuma na beto, na wazazi wakiona na kuuliza. Aprili 25, 2015, tetemeko la 7.8 liliua karibu watu 9,000. Ilikuwa Samedi, siku ambayo kule hakuna masomo, kalenda tena. Maelfu ya madarasa yalianguka. Zile shule za bonde la Kathmandu zilizokuwa zimeimarishwa zilibaki zimesimama, na watu walipata pahali pa kukimbilia. Na faida ya pili haihesabiki kirahisi: fundi aliyejifunza kwenye shule alienda kujenga nyumba ya jirani namna ile ile.

Papa Fundi wetu si adui. Ndiye anayejenga muji huu, bila plani, bila bima, na mara nyingi mwenye parsele ndiye anayemuambia «ondoa kadre mbili, simenti imeisha». Injeniere asiyejua kuongea naye kwa Kiswahili, anayebaki na Kifaransa chake cha auditoriamu, hatatusaidia kitu.

Tunajua majibu yatakayokuja. «Pesa haiko.» Kujenga shule mpya sawasawa kunaongeza kidogo tu juu ya bei, kinachogharimu ni kuirudilia. Na mushahara wa mainjeniere 10 kwa provinsi, tuulinganishe na mafuta ya magari ya wakubwa, kisha turudi tuzungumze. «Kuna vita, si wakati.» Ardhi haisomi makubaliano ya amani. Yeyote anayeketi kwenye kiti cha meri, leo au kesho, anaketi juu ya ufa ule ule. «Ni mapenzi ya Mungu.» Wazazi wetu wanaosema hivyo tunawaheshimu, lakini waamini wa 2008 walikuwa ndani ya nyumba yake, wanasali. Ukuta ndio uliowaangukia.

Kwa hiyo, kwa Guverneri, kwa bameri, kwa madepite wa provinsi: tunangoja katika bajeti inayokuja mustari wenye jina, injeniere wa tetemeko, na hesabu mbele yake. Tunangoja orodha ya shule zote za muji, za leta, za makanisa na za watu binafsi, na tarehe ambayo kila moja itapimwa. Tunangoja iandikwe pia pahali pa wazi ni shule gani hazifai, hata kama mwenye shule ni mutu wa nguvu. Kwa iniversite zetu: tetemeko liwe somo la lazima kwa kila anayesoma ujenzi upande huu wa inchi.

Na kwenu, bandugu wa promosio ya mwisho ya ujenzi, ambao mwaka huu munatafuta kichwa cha TFE. Acheni ile plani ya vila ya etaji 3 ambayo hakuna atakayeijenga. Chagueni shule moja ya kartie yenu. Ombeni ruhusa kwa prefe. Pimeni urefu wa kuta, hesabuni poto, chunguzeni kama kuna shenaji juu ya madirisha, tazameni udongo, piga picha za nyufa na muandike tarehe. Mufanye mahesabu, muyapeleke kwa prefe na kwa komite ya wazazi, kisha mutuletee kopi. Tutaipeleka meri sisi wenyewe, na tutarudi huko mara nyingi kadiri inavyotakiwa.